Vokali Moja ya Kihispania Inayowashinda Wasemaji wa Kiingereza

Katika mashamba ya matunda na mboga ya California, Marekani, wavunaji wengi husema Kihispania, na karatasi za ofisini huandikwa Kiingereza. Kwa hiyo Wamarekani wanaotaka kuvitumikia vyama vya wafanyakazi huko hujifunza Kihispania. Wengi wao hukwama mahali pamoja, na mahali hapo panafaa tupaeleze.

Tutazame sentensi mbili. "El capataz dice que trabajan el domingo" maana yake ni kwamba nyapara anasema wanafanya kazi Jumapili. Hiyo ni habari tu. "El capataz dice que trabajen el domingo" maana yake ni kwamba nyapara anasema wafanye kazi Jumapili. Hiyo ni amri. Kinachozitenga ni vokali moja, a na e. Mtu wa chama asiyeisikia vokali hiyo atadhani ameelezwa ratiba, kumbe watu wamenyang'anywa siku yao ya mapumziko.

Namna hii ya kitenzi vitabu vya Kihispania huiita subjuntivo. Hutumika kwa jambo linalotakwa, linaloamriwa, linaloshukiwa au ambalo bado halijatokea. Sisi tunaijua sehemu yake kubwa tangu utotoni: fanya huwa wafanye, lipa huwa walipe. Kihispania nacho hugeuza mwisho, ila kwa pande mbili: trabajan huwa trabajen, lakini comen, yaani wanakula, huwa coman. Kufanana huku ni kwa bahati tu, maana lugha hizi mbili hazina undugu.

Kiingereza kimebakiwa na mabaki machache ya namna hii. Katika wimbo wao wa taifa Waingereza humwomba Mungu amlinde mfalme, na kitenzi kimeachwa bila ile s ya kawaida. Wanaouimba wengi hawatambui. Basi msemaji wa Kiingereza akitaka kusema "nataka uje", hufuata lugha yake neno kwa neno na kusema "quiero tú venir". Wazee wetu waliofanya kazi kwa masetla waliyasikia hayo hayo kwa Kiswahili: "mimi nataka wewe kuja". Sahihi ni "quiero que vengas".

Shida ya pili ni ya sikio. Kiingereza humeza vokali za mwisho zisizokazwa, na mtu aliyezoea kuzimeza hazisikii vizuri kwa mwingine. Kihispania kina vokali tano safi kama zetu, na kila moja ina kazi yake.

Mahali panapoleta hasara zaidi ni kwenye neno "cuando". "Cuando pagan" ni wanapolipa, kila mara. "Cuando paguen" ni watakapolipa, na bado hawajalipa. Kiingereza husema kwa namna moja yote mawili. Wagomaji wakisema "volveremos cuando paguen", wameweka sharti: tutarudi watakapolipa. Vivyo hivyo "aunque llueve" ni ingawa mvua inanyesha, na "aunque llueva" ni hata kama itanyesha. Kwa mtu anayevuna nje, tofauti hiyo si ya shuleni.

Tusijivune lakini, maana Kiswahili hakitufikishi mwisho wa safari. Sisi husema "sidhani kama watalipa". Kihispania hudai "no creo que paguen", kwa sababu ya shaka. Hata furaha hudai hivyo: "me alegro de que estén aquí", nafurahi kwamba mpo hapa, ingawa watu wanaonekana kwa macho. Hapo Mwingereza na Mswahili hukaa dawati moja.

Mgomo wa wavunaji wa zabibu wa Delano, California, ulianzishwa na Wafilipino tarehe 8 Septemba 1965, na chama cha César Chávez kikajiunga tarehe 16. Wito ulikuwa "¡Viva la huelga!" Neno "viva" ni subjuntivo ya kuishi, kama sisi tusemavyo "udumu mgomo". Mmarekani aliyeuitikia alikuwa ameshaitumia kabla ya kufundishwa. Wito wa mwaka 1972, "Sí, se puede", hauna namna hiyo. Wenyewe husema tu kwamba inawezekana.

Jambo la mwisho ni makatazo na heshima. "No firmes" ni usitie sahihi, kwa rafiki. "No firme" ni hilo hilo kwa mtu wa kuheshimiwa. Katika kuagiza, rafiki huambiwa "firma aquí", tia sahihi hapa, na mzee huambiwa "firme aquí", ambayo ni subjuntivo tena. Kiingereza kina "you" moja kwa mtoto na kwa babu, na kwa hiyo karani mgeni humwambia mzee wa watu "firma" siku nzima, asijue kwa nini wavunaji wanamtazama hivyo.