Mstari mweusi kwenye picha ya utrasaundi

Kama umewahi kupimwa utrasaundi, unaikumbuka ile jeli ya baridi na kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya tumbo. Wengi wetu macho huwa kwenye kioo. Leo nakuomba ukitazame kile kichwa, maana kikiharibika kinaweza kukudanganya wewe na anayekupima.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpima mama mwenye maumivu ya ubavu wa kulia. Wiki moja kabla, kwa mashine hiyohiyo, alikuwa ameambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na ndugu walishaanza kuchanga fedha za upasuaji. Kweli, niliona kivuli cheusi. Lakini kivuli cha jiwe huanzia kwenye jiwe. Hiki kilianzia juu kabisa, pale kwenye ngozi. Nikasogeza kichwa cha mashine, kivuli kikasogea nacho.

Ndani ya kichwa hicho kuna kauri ya aina yake: ukiipa umeme inatetemeka, na ikitikiswa na mwangwi inatoa umeme. Imekatwa vipande vyembamba, mara nyingi 128, vikapangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Nafasi hizo hazikubahatishwa. Kwa sauti ya megahezi 3.5, wimbi moja mwilini halifiki urefu wa nusu milimita, na vipande vikiachana kupita kiasi, sauti nyingine huchepuka na picha ikaonyesha kitu mahali ambapo hakipo.

Sauti inalengwaje? Fikiria ndugu wanaotakiwa kufika msibani saa nne kamili. Anayekaa mbali hutangulia kutoka nyumbani, wa karibu hutoka mwisho. Ndivyo mashine inavyofanya: vipande vya pembeni hutetemeka kwanza, vya katikati baadaye kidogo sana, na mawimbi yote hufika pamoja kwenye figo au kwenye moyo wa mtoto tumboni. Hapo ndipo picha inakuwa safi. (Jeli nayo usiichukie. Bila hiyo, hewa kidogo iliyobaki juu ya ngozi hurudisha karibu sauti yote.)

Sasa kichwa hicho kikianguka sakafuni, vipande kadhaa vinaweza kufa. Mashine haizimi wala hailalamiki. Inaacha tu mstari mweusi, na picha iliyobaki inapungua ubora. Kumbe ndicho kilichotokea. Nilichukua kichwa kingine nikampima upya yule mama: mfuko wa nyongo ulikuwa safi. Maumivu yalitoka kwenye vidonda vya tumbo, akapewa dawa, na michango ikarudishwa kwa wenyewe.

Ukiona mstari wa namna hiyo, muulize anayekupima kama unahama kichwa kinapohama. Kuna na jaribio la dakika chache: kichwa kikiwa kikavu, unapitisha klipu ya karatasi polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine huku ukitazama kioo. Kila kipande kizima kitaonyesha alama. Penye kipande kilichokufa, kioo kinabaki kimya.