Mota ya Bei Rahisi, Betri ya Bei Ghali

Kigari cha rimoti na mtumbwi wa umeme unaotoka Mbita kwenda kuvua huendeshwa na kanuni moja: koili ikipitishiwa umeme huwa sumaku, nayo huvutana na sumaku nyingine mpaka mhimili uzunguke. Ili mzunguko usikwame, mkondo lazima ugeuzwe kila mara. Katika mota ya kaboni, vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi hujisugua kwenye komyuteta, pete ya shaba iliyogawanywa vipande, inayozunguka na mhimili na kugeuza mkondo. Mafundi wa magari wa Migori huikuta mota hii ndani ya stata, ile inayowasha injini. Mota isiyo na kaboni, iliyoelezwa na T. G. Wilson na P. H. Trickey mwaka 1962, huziacha koili zimetulia, sumaku zikazunguka, na kontrola ya elektroniki ndiyo hugeuza mkondo.

Kwa mtumbwi na bodaboda, ninaamini hii ya pili ndiyo ya kununua, ijapokuwa ni ghali zaidi dukani, na sababu yangu ni betri. Msuguano na cheche hula umeme. Tuseme mota ya kaboni inafikisha asilimia 75 ya umeme wake kwenye mhimili, na isiyo nayo asilimia 88, viwango vya kawaida kabisa. Mvuvi anayehitaji wati 1,000 kwa saa 4 atatumia uniti 5.3 kwa ile ya kwanza na 4.5 kwa ya pili. Pengo hilo la uniti 0.8 ni betri ya ziada ya kununua, kubeba na kuchaji kila siku. Na anayechaji kwa sola huongeza paneli pia.

Wapo watakaosema kaboni zikiisha fundi hubadilisha siku hiyohiyo, ilhali kontrola ikiungua usiku mbali na Muhuru Bay, mvuvi amekwama. Hoja hiyo ni nzito. Lakini stata hufanya kazi sekunde chache tu; mota ya mtumbwi huzunguka saa nyingi, kaboni zikisagika na unga wake kutapakaa ndani. Kontrola nyingi hukaa nje ya mota, zimeunganishwa kwa nyaya tatu nene, kwa hiyo ya akiba yaweza kufungwa bila kuifungua mota. Muuzaji aulizwe mapema kama anayo, na kama kontrola hukata mkondo wavu ukinasa propela, kwani mota iliyozuiwa huvuta umeme mwingi mno. Kigari cha mtoto, kinachochezewa dakika chache, kibaki na kaboni zake.