Mboga za Majani: Kila Nyumba na Ladha Yake

Ukitaka mjadala mrefu katika kikundi cha akina mama, uliza jinsi ya kupika mnafu. Mmoja atasema bila maziwa hiyo si mboga. Wa pwani atataka tui la nazi. Anayetoka Dodoma au Singida atakuambia utwange karanga. Na hakosi wa kutetea magadi.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi (sura ya 14) wasihukumiane kwa ajili ya chakula, nasi hatutaki mtu aache ladha aliyolelewa nayo. Lakini kwa familia zinazoonja nyama mara chache, mboga ndiyo inayotegemewa kwa vitamini na madini ya chuma. Namna ya kuipika inaweza kumsaidia mtoto mwenye upungufu wa damu au kumnyima.

Tuanze na magadi. Yanapendwa kwa sababu hulainisha majani haraka, huhifadhi rangi ya kijani, na mlenda huteleza vizuri. Hasara yake haionekani kwa macho: magadi huharibu vitamini C na vitamini B1. Moto wa muda mrefu nao huharibu vitamini C. Na kwa kuwa vitamini hizi huyeyuka katika maji, anayechemsha mboga na kumwaga maji amezimwaga pia. Vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga. (Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja.)

Katika nyumba moja tuliyotembelea, mkwe alikuwa ameacha magadi baada ya kupata mafundisho kliniki. Mama mkwe akasusa chakula. "Mwanangu, meno yangu yamekwisha," alisema. "Hizi zako ni majani ya ng'ombe." Alikuwa na haki. Ikabidi tukae jikoni tufikiri pamoja. Siku hizi mboga ikiiva, mkwe hupakua ya watoto na mumewe, kisha huacha sehemu ya bibi motoni mpaka ilainike kabisa, bila kumwaga mchuzi wake. Bibi bado huulizia magadi, lakini anakula.

Kwa wengine, osha majani kwanza, ndipo uyakate. Tumia maji kidogo, funika, na mchicha uepue baada ya dakika chache tu. Ikiwa uchungu wa mnafu unawashinda watoto, changanya na mchicha, au ongeza nyanya, maziwa au karanga. Limau likamuliwe baada ya kuepua. Tusiogope kijiko cha mafuta, kwa maana bila mafuta mwili hupata sehemu ndogo tu ya vitamini A iliyomo katika majani. Tui na karanga hufanya kazi hiyo hiyo. Karanga zichaguliwe kwa makini: zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Vile vidonge vya kuongeza ladha vya madukani vina chumvi nyingi. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi hupunguza haja ya chumvi, na vingi vyaweza kupandwa bustanini.

Tahadhari moja: usilipikie kisamvu haraka haraka kama mchicha. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana. Yatwange mpaka yalainike, yachemshe bila kufunika, na karanga au tui utie mwishoni.