Je, wajua? Kiti cha poka kina thamani yake

Mtu akifungua programu ya poka, kitu cha kwanza kumjia machoni si karata. Ni orodha ya meza. Jina la meza, ukubwa wa dau, viti vingapi vimekaliwa, wastani wa fungu linaloshindaniwa, migao mingapi inachezwa kwa saa. Wengi huipita orodha hiyo mbio. Wanabonyeza meza ya kwanza yenye nafasi, wanaketi, wanangoja karata. Wanaoishi kwa mchezo huu hufanya kinyume: huweza kukaa na ile orodha dakika ishirini nzima kabla ya kuweka hata senti moja. Wanajua kwamba karata hazichaguliki. Utakaocheza nao, na upande utakaowakalia, huchagulika. Au tuseme vilichagulika kwa muda mrefu, maana jambo hilo limebadilika na nitalifikia.

Poka inayochezwa zaidi mtandaoni ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua watu huweka dau, hupandisha, hulipa au hutupa karata zao. Mbele ya mchezaji mmoja kuna kidude cha duara kiitwacho batani, alama ya mgawaji. Wawili walio kushoto kwake hulazimika kutoa pesa kabla hawajaona kitu, wa kwanza dau dogo, wa pili dau kubwa. Mwenye batani huwa wa mwisho kuamua kila karata za wazi zinapofunuliwa. Mgao ukiisha, batani husogea kiti kimoja kushoto, kama mshale wa saa unavyozunguka.

Zamani huko Marekani alama hiyo iliweza kuwa kitu chochote kilicho karibu, na wachezaji waliiita buck. Kumsogezea mwenzako buck kulikuwa kumwachia zamu ya kugawa, na hapo ndipo Wamarekani walipopata usemi wao wa kumtupia mwingine wajibu. Kile kibao mashuhuri cha mezani kwa Rais Harry Truman, kilichotangaza kwamba buck inaishia hapa, kilizaliwa kwenye karata. Truman mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa poka.

Mtu aliyewahi kucheza turufu kibarazani hahitaji kufundishwa faida ya kuwa wa mwisho. Anayetupa karata mwisho ameshaona wenzake wametupa nini. Anajua kama ale au aache, na kama anakula, ale kwa karata ndogo kiasi gani. Sokoni ni hivyohivyo: ukimwacha mwenzako ataje bei kwanza, umeshajua nusu ya mawazo yake. Katika poka faida hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kila neno la mwenzako limebeba pesa. Akipita bila kuweka dau, amesema kitu. Akipandisha, amesema kitu kingine. Wewe wa mwisho umesikia yote, wala hujafumbua kinywa.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Meza ni ya watu sita. Umepewa kumi ya shupaza na tisa ya shupaza, karata nzuri lakini si tishio. Kama umekaa kiti cha kwanza kusema, nyuma yako wako watu watano ambao hawajaamua. Kila mmoja wao anaweza kuwa na karata mbili kati ya jozi 1,326 zinazowezekana katika pakiti ya karata 52. Jozi zinazotisha kweli, yaani mbili za kumi kwenda juu hadi ree mbili, pamoja na ree na mfalme, ni 46 tu. Ni asilimia 3.5 hivi kwa kila mtu, inaonekana ndogo. Lakini watu watano wakijumlishwa, uwezekano kwamba angalau mmoja anayo jozi ya namna hiyo unafika karibu asilimia 16, mara moja katika kila sita. Sasa chukua karata zilezile uketi penye batani, wengine wote wakiwa wametupa. Waliobaki ni wawili, wale wa madau ya lazima, na hatari imeshuka hadi asilimia 7 hivi. Tena hao wawili watalazimika kusema kabla yako katika kila hatua inayofuata. Karata ambazo mtu makini angezitupa kwenye kiti cha kwanza, penye batani anazipandisha bila wasiwasi. Kilichobadilika ni kiti peke yake.

Thamani hiyo imeshapimwa. Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, walitangaza katika jarida la Science kwamba wameutatua kwa vitendo mchezo wa Texas Hold'em wa watu wawili wenye viwango maalumu vya dau. Programu yao, Cepheus, ilijifundisha kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, kwa kutumia vichakataji vipatavyo 4,800 kwa zaidi ya miezi miwili. Ilikaribia ukamilifu kiasi kwamba mtu angecheza nayo migao 200 kwa saa, saa 12 kwa siku, kila siku kwa miaka 70, bila kuweza kuthibitisha kuwa ina kasoro. Sasa fikiria Cepheus wawili wakikaa uso kwa uso. Ujuzi ni uleule, kumbukumbu ni ileile, hakuna anayechoka wala kukasirika. Je, watatoka sare? Hapana. Hesabu ilionyesha kwamba anayeshika batani hushinda kati ya sehemu 87.7 na 89.7 za elfu za dau kubwa katika kila mgao. Kwa migao 100 ni karibu madau makubwa 9. Ukiondoa tofauti zote za kibinadamu, kinachobaki mezani ni kiti.

Kwa kuwa batani huzunguka, kila mtu huipata na kila mtu huipoteza, na mtu angedhani mambo husawazika. Hayasawaziki, kwa sababu majirani hawazunguki. Aliye kulia kwako atakuwa kulia kwako usiku kucha, na karibu kila mgao atasema kabla yako. Aliye kushoto atakusikia wewe kwanza. Ndiyo maana pesa za poka hufuata mwendo wa saa: kwa muda mrefu, mchezaji hula zaidi kutoka kuliani na kuliwa zaidi na kushotoni. Baharia wa jahazi anaujua upande wa joshi na upande wa demani. Upepo ni mmoja kwa wote, lakini uliko wewe ndiko kunakoamua.

Kanuni za kuchagua kiti hutoka hapo. Mchezaji anayependa kupandisha ovyo, mwenye fujo na mtaji mkubwa, unamtaka kuliani, umsikie kabla hujatia mkono mfukoni. Anayelipa kila kitu bila kufikiri, naye awe kuliani. Kushoto kwako unawataka watu wagumu, wanaotupa karata mara nyingi na kukuachia madau yao ya lazima. Na mjuzi kuliko wewe? Kama yuko kushoto, na kulia hakuna kitu cha maana, tafuta meza nyingine.

Wapo wanaoona ukaguzi huu wote ni woga, kwamba mchezaji wa kweli hukaa popote na kupambana na yeyote. Mimi siafiki, na sababu yangu ni makato. Mwenye tovuti hachezi. Hukata kiasi katika fungu, mara nyingi karibu asilimia 5 hadi kikomo fulani. Waketishe watu sita wenye ujuzi sawasawa, wacheze mwaka mzima: wote sita watainuka na hasara, kwa kuwa pesa ilikuwa ikivuja kila mgao. Juu ya makato kuna madau ya lazima. Katika meza ya watu sita, mtu anayetupa kila karata anayopewa hupoteza madau makubwa 25 katika migao 100. Katika meza ya watu tisa, karibu 17. Mchezaji akiwa na faida ya madau 5 kwa migao 100, wenzake humhesabu kuwa hodari. Pima basi: faida ya hodari ni ndogo kuliko gharama ya kukaa tu. Bila meza yenye watu wanaokosea kuliko wewe, hiyo faida haipo. Wengi wa wanaocheza poka mtandaoni hupoteza, na hakuna kiti kinachoweza kulibadili hilo kwa wote.

Ile orodha ya meza, basi, ilisomwaje? Namba ya kwanza iliyotafutwa ni asilimia ya wanaokubali kulipa ili kuziona karata tatu za wazi. Mezani penye wataalamu watupu asilimia hiyo huwa chini, kwa sababu wataalamu hutupa sana. Ikipanda, kuna watu waliokuja kufurahi. Ya pili ni wastani wa fungu, na hiyo ilihitaji tahadhari, maana mgao mmoja mkubwa wa dakika tano zilizopita huweza kuitia meza nzima rangi isiyo yake.

Lakini macho mazuri hayakuishia kwenye namba. Yaliwatazama watu. Mchezaji aliyeketi na madau makubwa 100 kamili, na kila yakipungua yanajazwa papohapo, huyo ameiagiza programu imjazie, amezoea. Aliye na 37, hajaongeza wala hajali, pengine ni mgeni. Anayekaa tu na kulipa dau la lazima pale alipo, badala ya kungoja limfikie kwa zamu yake, hana subira, na katika poka kukosa subira hulipiwa. Anayelipa dau kubwa kimyakimya kila mara bila kupandisha, huyo naye ameandikwa usoni. Jina linaloonekana kwenye meza kumi na mbili kwa wakati mmoja ni la mtu aliye kazini.

Poka ya pesa halisi mtandaoni ilianza Januari 1998, na tovuti ya Planet Poker. Kilichozijaza meza kilikuja mwaka 2003: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alipata tiketi yake ya mashindano ya dunia ya Las Vegas kupitia shindano dogo la mtandaoni, akawashinda washiriki 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576. Maelfu kwa maelfu ya watu wakaingia mtandaoni kujaribu, na kuchagua meza kukawa ustadi wenye mavuno kuliko mwingine wowote.

Kisha ustadi ukageuka uwindaji. Zikatengenezwa programu za kuhifadhi historia ya kila mchezaji na kuonyesha udhaifu wake pembeni ya jina lake. Zikafuata nyingine zilizokagua meza zote kwa pamoja, na mara mgeni alipoketi, zikamkalisha mwindaji kushoto kwake kabla jicho la mtu halijamwona. Kwenye meza za watu wawili hali ilikuwa ya kusikitisha: meza kadhaa zilizopangana, kila moja ina mtu mmoja, ameketi anangoja asiyejua. Mjuzi mwenzake akija, anainuka. Na kwenye meza za watu wengi, mgeni akiinuka, meza nzima inavunjika kwa sekunde chache, na mgeni huyo huona wazi kwamba ni yeye aliyekuwa kitoweo. Nadhani hakuna njia ya haraka zaidi ya kumfukuza mtu mchezoni.

Tovuti zenyewe zikachukua hatua. Nyingine zikaficha majina. Full Tilt ikaleta mwaka 2010 aina ya mchezo usio na meza ya kudumu: ukitupa karata, papo hapo unahamishiwa kwa watu wengine na mgao mpya. PokerStars ikafuata na mchezo wake wa aina hiyo, Zoom, mwaka 2012. Miaka minne au mitano baadaye PokerStars ikaanza kuondoa uchaguzi wenyewe katika meza za kawaida: unataja ukubwa wa dau, mfumo unakuketisha unapotaka wenyewe. Waliojenga maisha yao juu ya ile orodha walilalamika sana. Nawaelewa, maana ulikuwa ustadi halisi. Hata hivyo naona tovuti zilifanya haki. Mgeni aliyeketi kwenye meza ya watu sita hakukubali kushindana na programu inayomkimbilia kushoto.

Thamani ya kiti haikufutika kwa hayo, na kwenye Zoom inaonekana vizuri. Watu mia kadhaa hutupwa huku na kule, kila mgao majirani wapya, hakuna kulia wala kushoto kwa kudumu. Angeweza kutokea mjanja wa kutupa karata kila dau kubwa linapomkaribia, ahamishwe, asililipe kamwe. Kwa hiyo mfumo hutunza hesabu ya kila mmoja, na mgao mpya unapoanza, anayewekwa kwenye kiti cha dau kubwa ni yule aliyekaa muda mrefu kuliko wote bila kulilipa.