Propela Iliyokula Bumu Langu

Bumu la mwaka wa pili lilipoingia, wenzangu walinunua simu. Mimi nilinunua propela. Ndiyo, lile pangaboi la nyuma ya mashine ya boti. Kamusi inaliita rafadha, ila sijawahi kumsikia mvuvi akilitamka hivyo.

Baba mdogo anavua dagaa Ujiji kwa boti la mbao la mita tisa, na mashine yake ni Yamaha ya HP 15. Ada ya mdogo wangu inatoka humo. Alinipigia akilalamika: petroli inaisha, boti haliendi, na yuko mbioni kuchukua mkopo anunue HP 40. Mimi nasoma uhandisi mitambo, nikajiona ninalo jibu. "Baba, usikope kwanza. Nakuja na propela."

Dukani Dar muuzaji akanipa ya 12. "Hii ndiyo ya spidi," akasema. Hakuuliza boti ni zito kiasi gani, na mimi sikumwambia.

Propela huwa imeandikwa namba mbili. Ya baba mdogo ilikuwa 9¼ × 9¾. Namba ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga yake, kwa inchi. Ya pili ndiyo mafundi wanaiita pichi: fikiria skrubu inaingia kwenye ubao, pichi ni inchi inazosogea kwa mzunguko mmoja. Sasa maji si ubao. Propela inateleza, na boti likiwa zito inateleza zaidi.

Piga hesabu uone. Mashine hii ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gia zinapunguza, propela inazunguka kama mara 2,400. Zidisha kwa inchi 9¾ unapata karibu kilomita 36 kwa saa. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Boti la mbao la mita tisa lenye nyavu, taa, betri na watu halipandi juu ya maji kama faiba nyepesi za Dar, linayasukuma tu. Likifika kilomita 13 hivi limefika, ukiongeza nguvu unatengeneza mawimbi. Kwa hiyo pichi kubwa hapo ni sawa na kupanda mlima wa Kasulu kwa gia namba tano.

Nilikuwa na kile kifaa kidogo kinachozungushiwa waya wa plagi kuhesabu mizunguko. Mafuta yote yakiwa yamefunguliwa, propela ya zamani ilisoma 4,300. Mashine hii inatakiwa iwe kati ya 4,500 na 5,500. Tukafunga ya 12: ikashuka hadi 3,900, mashine ikaunguruma kama inabanwa koo, na usiku wa pili plagi zikajaa masizi. Tulirudi kwa makasia. Baba mdogo hakufoka. Aliniuliza tu, "Injinia, hii umeninunulia mimi au wao?"

Jambo jingine sikulifikiria kabisa. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na mashine hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Yaani HP 15 ya Dar, ikifika Ujiji inabaki kama 14. Hata propela iliyokuja na mashine inaweza kuwa nzito huku.

Kila inchi moja ya pichi ukipunguza, mizunguko huongezeka kati ya 150 na 200. Tukaazima ya 8 kwa fundi wa Kibirizi: 4,650. Tulipima boti likiwa limejaa, maana dagaa hukupeleka mtupu na kukurudisha mzito, na ni kurudi ndiko kunakoumiza. Wakati wa kwenda, likiwa jepesi, usifungue mafuta yote, mashine itazidisha mizunguko. Baba mdogo sasa anafungua robo tatu tu na anakwenda mwendo ule ule wa zamani. Mkopo hakuchukua.

Ukinunua iliyotumika, angalia mpira wa ndani. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu hadi nje, endesha, kisha utazame: mstari ukikatika, mpira unateleza, na hakuna pichi itakayokusaidia. Wengine watakushawishi uchukue ya chuma kwa kuwa haipindi. Kwa mawe ya kule Gombe mimi nachagua alumini. Bora lipinde panga kuliko zivunjike gia.

Ile ya 12 ninayo bado, iko chini ya kitanda hosteli. Kama kwenu kuna boti la faiba, njoo tuzungumze bei.