Bodi Isiyoonekana na Usalama wa Mgonjwa

Muuguzi asomapo kiwango cha oksijeni kwenye skrini, huitegemea bodi ya saketi asiyoiona. Bodi hiyo ina njia nyembamba za shaba zilizolazwa katika matabaka mawili, manne, sita au zaidi, na kati yake malighafi isiyopitisha umeme. Vitobo vidogo vilivyopakwa shaba kwa ndani huunganisha tabaka moja na jingine. Malighafi iliyochaguliwa na msanifu ndiyo huamua kifaa kitavumilia nini kikiwa wodini.

Inayotumika zaidi huitwa FR-4: kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa epoksi. Ni imara na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, epoksi ya kawaida huanza kulainika kati ya nyuzijoto 130 na 140 za sentigredi. Ikivuka hapo, bodi hunenepa kwa kiasi kinachoipita shaba mara nyingi. Vitobo huvutwa, na joto na baridi vikipokezana hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Kifaa huanza kusoma na kukatika, kisha kusoma tena.

Otoklevu hutakasa vifaa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 au 134. Kwa sababu hiyo, msanifu wa kifaa kitakachoingia humo huchagua epoksi inayostahimili nyuzijoto 170 au zaidi, au poliimidi, inayostahimili zaidi ya 200. Poliimidi nyembamba pia hukunjika, ndiyo maana hufaa katika shimesikio. Lakini ni ghali, na hufyonza unyevu kuliko epoksi. Unyevu nao una madhara yake: umeme ukiwapo, chembe za shaba huweza kutambaa kando ya nyuzi za kioo hadi njia mbili zikagusana.

Kwa macho, bodi hizi hazitofautishiki kwa urahisi. Mhudumu hana budi kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kifaa kisichoruhusiwa kuingia katika otoklevu kifutwe kwa dawa iliyopendekezwa. Kinachosoma na kukatika kiondolewe kwa mgonjwa na kupelekwa kwa fundi wa vifaa tiba, hata kama kimerejea kufanya kazi. Naye mgonjwa mwenye kipima sukari au shimesikio nyumbani akihifadhi pakavu, mbali na jua kali na mvuke wa bafuni.