Miti ya pango la Noeli: mtaji mdogo, soko fupi

Wenye mtaji mdogo wa Mbulu na Katesh wanaotaka kuuza miti midogo ya kupambia mapango ya Noeli wajue kuwa malighafi si tatizo. Unga wa mbao huchekechwa, hutiwa rangi ya kijani, huanikwa, kisha hubandikwa kwa gundi kwenye vijiti vyenye matawi ukawa majani. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi huwa nyasi. Mabua ya ngano ya Basotu huezeka zizi.

Tatizo ni tarehe. Baada ya Desemba 25 mnunuzi hayupo. Majani mabichi hunyauka pamoja na mtaji. Bidhaa iliyokaushwa vizuri husubiri mwakani. Pokea kwanza oda za parokia, ndipo ununue rangi na gundi.